Grafu ya vyuma kwenye simu ya mwanao: mzazi, isome naye kabla haijasimama

Siku hizi kijana wa kidato cha tatu akitoka kunyanyua vyuma hafungui daftari, anafungua simu. Humo ana programu inayomtunzia kila kitu: leo amesukuma kilo ngapi, mara ngapi, seti ngapi, na wiki iliyopita alifikia wapi. Chini ya namba hizo kuna grafu yenye mstari unaopanda kama mlima. Wazazi wengi wakiuona mstari huo hupita tu, wakidhani ni mchezo mwingine wa simu.

Si mchezo. Mstari huo unaweza kumfundisha kijana subira, mpangilio na kuujali mwili wake. Unaweza pia kumsukuma mahali pabaya. Tofauti inatokana na jambo moja: nani atakuwa karibu naye siku mstari utakapoacha kupanda.

Na utaacha. Kwa kila anayenyanyua vyuma, awe kijana au mtu mzima, hufika wakati namba zikagoma. Kijana asiye na mtu wa kumweleza kwamba hali hiyo ni ya kawaida hufanya moja kati ya mawili: huongeza uzito asioumudu, au husikiliza ushauri wa mtu wa jimu mwenye unga kwenye begi na sindano mfukoni.

Makala hii ni kwa ajili ya mzazi ambaye huenda hajawahi kushika chuma maishani mwake, lakini ana kijana nyumbani anayeshika. Huhitaji kuwa kocha. Unahitaji kujua kusoma kile ambacho simu inaandika, na kujua kile ambacho haiandiki.

Je, vyuma vinadumaza?

Tuanze na hofu ya siku nyingi. Wazazi wengi tumekua tukiambiwa kwamba mtoto akinyanyua vitu vizito harefuki. Mwaka 2020, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa mwongozo unaosema kwamba mazoezi ya nguvu yaliyopangwa vizuri na kusimamiwa na mtu anayejua hayaharibu ukuaji wa mtoto wala wa kijana. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na ndani ya wiki wawe na angalau siku 3 za mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa.

Kwa mtoto wa miaka 7 au 8 mazoezi hayo si vyuma. Ni pushapu, kuchuchumaa na kusimama, kuruka, kupanda na kuning'inia. Vyuma hufuata baadaye, mtoto akishaweza kusikiliza maelekezo na kuyafuata bila utani.

Hata hivyo, hofu ya wazazi ina mzizi wake. Mifupa ya kijana ambaye bado anarefuka ina sehemu laini karibu na ncha, ambazo ndizo hukua. Sehemu hizo zinaweza kuumia. Kinachoziumiza kwa kawaida ni uzito uliopita kiasi, mgongo uliopinda vibaya, chuma kilichodondoka, au mashindano ya vijana wawili wanaoonyeshana ubabe wakati hakuna mkubwa karibu.

Kama mwanao ana tatizo la moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, kifafa au selimundu, apite kwanza kwa daktari kabla ya kushika chuma chochote. Hilo halina mjadala.

Programu hizi zinafanya nini?

Zipo nyingi. Zinazotajwa sana ni pamoja na Strong, Hevy, Jefit na FitNotes. Mwonekano wake unatofautiana, lakini kazi ni ileile. Kijana anachagua zoezi, kwa mfano kusukuma chuma akiwa amelala kwenye benchi. Anaandika uzito na idadi ya mara alizonyanyua bila kupumzika. Mafungu hayo ndiyo huitwa seti. Simu inampimia muda wa kupumzika kati ya seti na seti, kisha inatunza kumbukumbu. Siku nyingine akifungua zoezi hilohilo, anaona alichofanya mara ya mwisho.

Wazo lenyewe limeitangulia simu kwa miaka mingi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa akiwahudumia wanajeshi majeruhi katika hospitali ya Gardiner huko Chicago. Wengi walikuwa wameumia magoti na miguu imenywea. Badala ya kuwapumzisha tu, aliwapa uzito wa kunyanyua, akawa anauongeza kidogo kidogo kadiri mguu unavyopata nguvu. Mwaka 1945 alichapisha matokeo yake, na njia hiyo ikasambaa kwenye hospitali na kumbi za mazoezi duniani.

Wahenga wetu wangeliita jambo hilo haba na haba. Ili uongeze kidogo lazima ukumbuke ulipoishia, na hapo ndipo kumbukumbu inapokuwa na kazi. Kijana asiyeandika hubahatisha: leo anabeba kilo 20, kesho anaona rafiki yake amebeba 40, naye anabeba 40. Anayeandika anajua kwamba mara ya mwisho alibeba 20, na hatua inayofuata ni 21 au 22.

Kwa hiyo mzazi usikimbilie kufuta programu hiyo. Ikisomwa vizuri, ni breki.

Hesabu mbili za kuziangalia kwa makini

Kuna namba mbili ambazo programu nyingi huzionyesha kwa herufi kubwa, nazo ndizo humchanganya kijana.

Ya kwanza ni makadirio ya uzito wa juu kabisa ambao anaweza kuunyanyua mara moja. Kijana hajaunyanyua, simu imekisia. Kanuni moja inayotumika sana ina jina la Boyd Epley, aliyekuwa kocha wa nguvu wa Chuo Kikuu cha Nebraska nchini Marekani. Unachukua uzito, unazidisha kwa idadi ya mara, unagawanya kwa 30, kisha unajumlisha na uzito ule wa mwanzo.

Tuseme kijana amesukuma kilo 40 mara 10. Arobaini mara 10 ni 400. Gawa kwa 30 upate 13 na kitu. Jumlisha na 40, simu inamwandikia kilo 53. Kijana akiona 53 anaamini anaiweza, na Jumamosi anawaita wenzake waje kushuhudia. Lakini kanuni hiyo ni makisio tu, na kadiri idadi ya mara inavyokuwa kubwa ndivyo makisio yanavyozidi kupotoka. Isitoshe, haijui kama mara 3 za mwisho alinyanyua kwa kujipinda mgongo. Kwa kijana anayeanza, kujipima uzito wa juu kabisa si jambo la kufanya bila kocha pembeni. Mweleze hivi: hiyo 53 ni namba ya kutazama, si ya kubeba.

Ya pili ni jumla ya kilo zote za siku. Programu huzidisha uzito kwa mara na kwa seti, kisha humpongeza kijana kwamba leo amenyanyua zaidi ya tani moja. Angalia mfano huu. Seti 3 za mara 10 kwa kilo 40 ni kilo 1,200. Seti 3 za mara 8 kwa kilo 50 nazo ni kilo 1,200. Kwenye grafu siku hizo mbili zinalingana kabisa. Kwenye mabega ya kijana wa miaka 15, hazilingani hata kidogo.

Kijana anayekimbiza jumla hiyo ataongeza seti ambazo hakuzipanga, mwili ukiwa umeshachoka na mkao umeshaharibika, ili tu mstari usishuke. Ukiona mwanao anarudi jimu usiku kwa sababu "leo sijafikisha", jua kwamba namba hiyo imeshaanza kumwendesha.

Kilo za makopo ya saruji

Vijana wetu wengi hawaendi kwenye jimu zenye viyoyozi. Wananyanyua uani au nyuma ya banda la mtaani, wakitumia bomba la chuma lenye kopo la saruji kila upande. Hakuna ubaya, alimradi vifaa viwe imara. Ila programu inataka kilo, na makopo hayana namba. Kijana hukisia, na simu huamini chochote inachoambiwa.

Zege lililokauka, yaani saruji, mchanga na kokoto, lina uzito wa takriban kilo 2.4 kwa kila lita. Kopo la rangi la lita 4 likijazwa linakuwa na karibu kilo 10. Ndoo ndogo ya lita 10 inakaribia kilo 24. Ndoo kubwa ya lita 20, ambayo ikiwa na maji ina kilo 20, ikijazwa zege inakaribia kilo 48, pungufu kidogo tu ya mfuko mzima wa saruji wa kilo 50. Kijana anayedhani ndoo ya zege na ndoo ya maji zinakaribiana anakosea zaidi ya mara mbili.

Njia rahisi ni mzigo wote upimwe mara moja kwenye mizani ya dukani au ya mashine ya kusaga, kisha uzito uandikwe kwa rangi juu ya kopo. Angalieni pia kama makopo yote mawili yanalingana. Upande mmoja ukizidi, kijana atafanya mazoezi akiwa amepinda kila siku, na programu itamwandikia kwamba anaendelea vizuri.

Kwenye jimu za kulipia kuna kosa jingine. Chuma kirefu cha mashindano ya wanaume kina kilo 20 kabla hakijawekewa sahani yoyote, na cha wanawake kina kilo 15. Kwenye jimu nyingi vyuma ni vya uzito tofauti. Kijana akikihesabu leo na kesho asikihesabu, grafu yake itaruka au kuporomoka kwa kilo 20 bila misuli yake kubadilika. Akubaliane na nafsi yake mara moja: anakihesabu au hakihesabu, asibadilishe.

Siku mstari unaposimama

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Kijana anapoanza, grafu hupanda haraka sana. Wiki 6 au 8 za mwanzo huweza kumfanya ajione shujaa. Sehemu kubwa ya nguvu hizo haitokani na misuli kuwa mikubwa. Ubongo na mishipa ya fahamu vinajifunza kuitumia misuli iliyokuwapo tangu zamani, kama vile mtu anavyojifunza kuendesha baiskeli. Somo hilo likishaeleweka, kinachofuata ni kujenga misuli yenyewe, na kazi hiyo ni ya polepole. Mstari unalala.

Kijana haelewi hivyo. Yeye anaona juhudi ni zileze, jasho ni lilelile, lakini simu haimpongezi tena. Anahisi ameshindwa.

Mpe hesabu hii mkiwa mmekaa mezani. Kama angeanza na kilo 20 na kuongeza kilo 2 na nusu kila wiki bila kusimama, baada ya wiki 52 angekuwa anasukuma kilo 150. Mwulize: pale jimu kwenu ni watu wazima wangapi wanaosukuma kilo 150? Atacheka, na ataelewa kwamba mstari usiosimama haupo duniani.

Ni vizuri ajue hivyo mapema, kwa sababu mwezi huo wa mstari kulala ndio mwezi wa vishawishi. Kwanza kuna unga. Atakuambia, "Mama, bila protini ya kopo misuli haiji." Mjibu kwa chakula. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini. Glasi ya maziwa ina gramu 8. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina karibu gramu 15. Kuna dagaa, samaki, kuku, karanga, choroko na kunde. Kijana anayekula milo kamili yenye vitu hivyo hapungukiwi na protini. Anayekimbilia unga mara nyingi ndiye anayeruka kifungua kinywa. Na kopo lililonunuliwa mitandaoni huweza kuwa na vitu ambavyo havijaandikwa kwenye lebo.

Baada ya unga kuna sindano na vidonge vya steroidi, dawa zinazofanana na homoni ya kiume. Hapa mzazi usimung'unye maneno. Kwa kijana ambaye bado anakua, dawa hizo zinaweza kuzifunga mapema zile sehemu laini za mifupa, na urefu ukaishia hapo. Jambo tuliloviogopea vyuma miaka yote, kudumaa, linaweza kuletwa na dawa hizo.

Madhara mengine ni pamoja na kusinyaa kwa korodani na kuota matiti kwa wavulana. Kwa wasichana, sauti huwa nzito, ndevu huota na hedhi huvurugika. Baadhi ya mabadiliko hayo hayarudi nyuma. Ini na moyo huathirika, na hasira hupanda. Wanaochangia sindano hujiweka kwenye hatari ya virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Kwa kijana anayeota kuwa mwanamichezo, steroidi zipo kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku na Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kuongeza Nguvu Michezoni.

Sasa, mstari ukilala afanye nini? Ushauri wa kawaida kwa vijana ni mazoezi ya nguvu siku 2 au 3 kwa wiki zisizofuatana, kwa uzito anaoweza kuunyanyua vizuri mara 8 hadi 15. Anapozimaliza zote bila kuharibu mkao ndipo anaongeza asilimia 5 hadi 10. Kwa kilo 20 hiyo ni kilo 1 au 2. Kwa kilo 40 ni kilo 2 hadi 4. Asipoweza kuongeza kilo, anaweza kuongeza mara moja tu ya kunyanyua, au kushusha chuma taratibu zaidi kuliko jana. Anaweza pia kupumzika wiki nzima. Hayo yote ni maendeleo, ingawa grafu ya kilo haitayaonyesha.

Ambacho simu haikioni

Programu haijui kwamba kijana alilala saa 8 usiku akitazama video. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanashauriwa kulala saa 8 hadi 10, na misuli hujengwa wakati wa mapumziko. Haijui kwamba ni wiki ya mitihani, wala kwamba leo hakula mchana. Haijui kwamba bega lilianza kuuma tangu Jumanne. Mzazi unajua, au unaweza kujua ukiuliza.

Programu nyingi zina sehemu ya kuandika maelezo mafupi chini ya kila zoezi. Vijana wengi huiacha tupu. Mshawishi aandike mambo matatu tu: amelala saa ngapi, kuna mahali panauma, na baada ya kumaliza seti alihisi bado angeweza kunyanyua mara ngapi zaidi. Swali hilo la tatu ni la thamani kubwa. Kijana anayeanza akijibu "mbili au tatu", yuko pazuri. Akijibu "hata moja isingetoka" kila siku, uzito umezidi, hata kama grafu inapendeza.

Maumivu nayo yatenganishwe. Misuli kukaza siku moja au mbili baada ya mazoezi ni kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo, mgongo unaouma hadi usiku, ganzi, uvimbe, au kifua kubana ni mambo ya hospitali, na chuma kiwekwe chini hadi daktari aseme.

Angalia na akili yake. Kuna vijana ambao mwili unakua lakini kila wakijitazama kwenye kioo wanajiona wadogo. Tangu mwaka 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaitambua hali hiyo kama aina ya ugonjwa, si majivuno. Dalili zake ni kukataa kula na familia, kukosa shughuli za ndugu ili asikose mazoezi, kunyanyua akiwa ameumia, na kuvurugika kabisa siku ambayo hakuandika chochote kwenye programu. Hapo usimcheke wala usimgombeze. Tafuta mshauri.

Kwa mabinti tuseme neno la ziada. Vyuma havimgeuzi msichana kuwa mwanamume. Vinaimarisha mifupa katika umri ambao ndio wa kuijenga. Lakini kama programu yake inapima pia uzito wa mwili na anafurahia kila unaposhuka, kuwa macho. Hedhi ikikatika kwa miezi kadhaa wakati anafanya mazoezi mengi na kula kidogo, mwili unalia njaa. Mpeleke kwa daktari.

Mwanafunzi anaporudi kutoka bweni

Hili linatuhusu sana. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu, na nyingi hazina vyuma. Kijana ananyanyua likizo ya Desemba, anafikia kilo 50, anafunga begi anaondoka. Anarudi miezi kadhaa baadaye, anafungua simu, na programu inamkumbusha kwa uaminifu wote: mara ya mwisho kilo 50, seti 3.

Simu haijui alikuwa wapi. Kwake jana na miezi 3 iliyopita ni kitu kimoja. Kijana naye anaona aibu kushuka, hasa wenzake wa mtaani wakiwa wamebaki wakiendelea. Siku ya kwanza ya likizo ikawa siku ya kuumia.

Mpe sheria ya nyumbani: akirudi, aanze na nusu. Aliyeacha kilo 50 aanze na 25, akae hapo wiki nzima, kisha apande taratibu. Nguvu zilizowahi kujengwa hurudi haraka kuliko zilivyojengwa mara ya kwanza, kwa hiyo hatachelewa sana. Akiwa shuleni, pushapu na kuchuchumaa vinatosha kumtunza.

Picha, mahali na siri

Baadhi ya programu hizi zina uwanja wa kufuatana kama mitandao ya kijamii. Kijana anaweka mazoezi yake, wageni wanampongeza. Nyingine zina sehemu ya picha za maendeleo, na picha hizo kwa kawaida ni za mwili usio na shati. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18 picha hizo zisitoke nje ya simu yake, na kwa kweli hakuna ulazima wa kuzipiga. Namba zinatosha.

Mifano ipo. Mwaka 2018, programu ya MyFitnessPal ilidukuliwa na taarifa za akaunti takriban milioni 150 zikachukuliwa. Mwaka huohuo iligundulika kwamba ramani ya programu ya Strava, iliyoonyesha mahali watu wanapofanya mazoezi, ilikuwa imefichua hadi kambi za kijeshi. Kama askari wameonekana, kijana anayekimbia saa 11 alfajiri kutoka mlangoni kwenu ataonekana pia.

Kwa hiyo kaeni pamoja dakika 10 mpange: akaunti iwe ya faragha, ruhusa ya kujua mahali izimwe, asitumie jina kamili wala jina la shule, na wageni wasimtumie ujumbe. Someni pia umri wa chini unaotajwa kwenye masharti ya programu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 inayotaka ridhaa ya mzazi kabla taarifa za mtoto hazijachakatwa. Lakini mlinzi wa kwanza ni wewe uliye nyumbani.

Dakika tano za Jumapili

Usimvizie usiku ukapekua simu yake. Kijana akijua anapekuliwa atahamia programu nyingine usiyoijua. Mwombe akuonyeshe mwenyewe. Vijana wanapenda kuonyesha walichofanikiwa. Jumapili jioni, dakika tano tu, muulize maswali haya:

Wiki hii umeongeza nini, na umeongeza kwa kiasi gani? Ukisikia ongezeko lililozidi asilimia 10 kwa mkupuo, uliza sababu.

Nani alikuwa pembeni ulipokuwa umelala chini ya chuma? Jibu lisiwe "hakuna mtu".

Ulipomaliza seti, zilikuwa zimebaki ngapi?

Kuna mahali panauma?

Kuna mtu aliyekupa au kukuuzia kitu cha kunywa, kumeza au kuchoma? Uliza kwa sauti ileile uliyoulizia maswali mengine, ili ajibu bila hofu.

Kisha tazameni grafu pamoja. Ikiwa imepanda, mpongeze. Ikiwa imelala, mpongeze pia kwa kutohangaika, na mkumbushe ile hesabu ya kilo 150. Kijana aliyezoea kusikia kwa mzazi wake kwamba mstari kulala ni kawaida hatamwamini kirahisi muuza sindano atakapomwambia kwamba mwili wake una kasoro.

Na kama mwanao hana simu, au hutaki awe nayo kwa sasa, hajakosa kitu. Daftari la kurasa 40 na kalamu vinatosha: tarehe, zoezi, kilo, mara, seti, usingizi, maumivu. Watu walipiga hatua kwa kuandika kwenye karatasi miaka mingi kabla ya simu, na maswali ya Jumapili ni yaleyale.